Mota saba na mizani ya mabegi: tulivyokosea uwiano wa gia za usukani

Kazi ya gia nilifundishwa Tanga, kwenye karakana ya kiwanda cha katani. Mashine ya korona, ile inayotoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, ikikwama na shafti ikakatika, fundi wangu mkuu alikuwa na swali moja la kuanzia: mzigo ulikuwa kiasi gani? Mambo ya mwendo na idadi ya meno yalifuata baadaye. Zaidi ya miaka ishirini imepita, naishi Minnesota, na nimekuwa mlezi wa timu ya roboti ya shule anayosoma binti yangu. Swali hilo sikuliuliza. Naandika haya kwa ajili ya kijana au mzazi yeyote anayejiandaa kuchonga au kununua moduli za usukani kwa mashindano ya roboti za wanafunzi yaitwayo FIRST Robotics Competition, kwa sababu namba moja tuliyoichagua vibaya ilituunguzia mota saba na kutuharibia mashindano ambayo watoto walikuwa wameyakeshea tangu Januari.

Kwa asiyeijua mashine yenyewe: roboti ina magurudumu manne, na kila gurudumu limekaa kwenye moduli yake yenye mota mbili. Mota ya kwanza inalizungusha gurudumu ili roboti iende. Ya pili inaligeuza liangalie upande unaotakiwa, mfano wa vile vigurudumu vya mbele vya kigari cha dukani, ila haya hayajigeuzi yenyewe. Ndiyo maana roboti ya aina hii inakwenda mbele, ubavu au mshazari huku ikijizungusha. Mota za umeme hukimbia maelfu ya mizunguko kwa dakika, kwa hiyo kati yake na gurudumu zinawekwa gia za kupunguza mwendo. Ukipunguza mara 28, mwendo unashuka mara 28 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inapanda karibu mara 28, ukitoa inayoliwa na msuguano. Ukitaka mwendo zaidi unatoa torki, ukitaka torki zaidi unatoa mwendo.

Oktoba 2023 tulikaa tukaamua kuchonga moduli zetu wenyewe. Za kununua zilikuwa ghali hata bila mota, zinatakiwa nne na angalau moja ya akiba, na mfuko wa timu ulikuwa mwembamba. Shule ilikuwa na mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, na kuiendesha ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwa usukani tukachagua NEO 550, mota ndogo ya gramu 140 hivi, inayozunguka mara 11,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo.

Vijana wawili wanaopenda hesabu wakakaa na karatasi. Walitaka gurudumu lichukue chini ya sekunde 0.04 kugeuka nyuzi 90. Zaidi ya nyuzi hizo programu huwa haina haja ya kuligeuza, maana inaweza kuurudisha nyuma mwendo wa mota ya kusukuma badala yake. Wakafika kwenye 28 kwa 1: hatua ya kwanza pinioni, yaani gia ndogo, ya meno 12 inaendesha gia ya meno 42, hatua ya pili meno 10 kwa 80. Ukigawa 11,000 kwa 28 unapata mizunguko 393 kwa dakika, na robo mzunguko inachukua sekunde 0.038. Moduli ya kununua iitwayo MAXSwerve, yenye mota hiyohiyo, inapunguza mara 46.42, yaani mizunguko 237 kwa dakika na sekunde 0.063 kwa robo mzunguko. Watoto walishangilia. Waliona tumepata kitu ambacho wengine walikipita.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno. REV Robotics wanatengeneza mota ile, na moduli ile ni yao pia. Kama mtu anayeijua mota yake kuliko mimi ameipunguza mara 46, ana sababu, na kazi yangu ilikuwa kuitafuta sababu hiyo kabla ya kuchonga hata gia moja. Nilinyamaza kwa kuwa hesabu ilikuwa safi, na kwa kuwa nilitaka watoto waione kazi ni yao. Sasa naelewa kwamba kumwachia mtoto kazi hakumzuii mkubwa kuuliza swali.

Januari 2024 mashindano yakafunguliwa, tukachonga, tukafunga. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na mimi natoka zamu saa tisa alasiri naingia karakana ya shule mpaka saa nne usiku. Jioni ya kwanza tuliyoiwasha, roboti ilikuwa imepandishwa juu ya magogo, magurudumu yako hewani. Binti yangu, ambaye ndiye dereva, akasukuma kijiti cha kuongozea. Magurudumu yote manne yakageuka kwa pamoja, tak! Hukuona yakienda, uliona yamefika. Mwalimu alipiga video. Tukaishusha sakafuni, saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa, na huko nako ikaenda vizuri. Kwa wiki tatu zilizofuata akili zetu zote zilikuwa kwenye mkono wa kurushia pete za sponji, maana mchezo wa mwaka ule ulikuwa wa kurusha pete.

Uwanja wa mashindano una zulia. Sisi zulia hatukuwa nalo.

Wewe unayesoma, kama hutakumbuka kingine, tafuta kipande cha zulia. Kwenye saruji laini tairi linateleza kidogo pale linapogeuzwa likiwa limesimama, na mota haioni kazi. Kwenye zulia nyuzi zinaushika mpira wa tairi, zulia lenyewe linavutika, na gurudumu linapogeuka papo hapo linasugua eneo lote linalogusa chini. Mzigo huo magurudumu yakiwa hewani haupo kabisa.

Siku ya mazoezi uwanjani, magurudumu yalikuwa yanaanza kugeuka halafu yanasita, yanatetemeka, yanafika yakiwa yamechelewa. Na gurudumu likichelewa kuangalia upande wake huku mota ya kusukuma imeshaanza kazi, linaiburuta roboti pasipotakiwa. Binti yangu alirudi kwenye kibanda chetu cha matengenezo akiwa amekunja uso.

"Baba, gurudumu la nyuma kushoto halinisikii."

"Halikusikii vipi?"

"Namwambia nenda huku, anafikiria kwanza."

Jibu nililolitoa nalijutia mpaka leo. Kwenye programu tulikuwa tumeweka kikomo cha ampea 20 kwa kila mota ya usukani. Nikamwambia kijana wa programu aweke 40, mota ipate nguvu. Na kweli, mechi iliyofuata magurudumu yaligeuka vizuri zaidi na tukashinda. Nikajiona nimetibu.

Mechi baada ya hapo, ikiwa imebaki kama dakika moja, gurudumu la nyuma kushoto liliganda likiangalia ubavu. Roboti ikawa inazunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa mguu. Ilipotolewa uwanjani, harufu ilitufikia kabla yake, vanishi ya nyaya iliyoungua, harufu ninayoijua tangu Tanga na ambayo haihitaji maelezo. Nilivaa glavu, nikafungua skrubu, na bado joto la ile mota lilipenya. Ilikuwa ndogo, inajaa kwenye kiganja, na ganda lake lilikuwa limebadilika rangi upande mmoja.

Kikomo cha ampea 20 hakikuwekwa kwa kubahatisha. Mtengenezaji ameijaribu mota hiyo ikiwa imezuiwa kabisa isizunguke: kwa ampea 20 ilivumilia jaribio lote la sekunde 220, kwa ampea 40 iliungua kwenye sekunde ya 27 hivi. Mechi nzima ilikuwa dakika mbili na nusu. Mota ndogo haina mwili wa kubebea joto. Ukiilazimisha, joto linajaa kwenye nyaya na halina pa kwenda. Taarifa hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu, nami sikuisoma kabla ya kubadilisha namba.

Siku ile na iliyofuata tuliunguza mota saba, kila moja karibu dola 30. Fedha iliuma, lakini muda uliuma zaidi. Tulikuwa tumeificha mota chini ya bamba la juu, kwa hiyo kuibadilisha kulitaka tufungue moduli nzima. Dakika ishirini na tano kwa mota moja, na kati ya mechi na mechi mara nyingine tulikuwa na dakika kumi na tano. Mechi tatu tuliingia na magurudumu matatu yanayogeuka, mbili hatukuingia kabisa. Kijana mmoja wa darasa la mwisho, aliyekuwa akishindana kwa mara ya mwisho pale, alikaa nyuma ya masanduku ya vifaa akalia kimya. Nilikaa naye. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kukiri kwamba namba ya 40 ilikuwa yangu.

Ukichora moduli, basi, hakikisha mota ya usukani inatoka kwa juu kwa skrubu mbili bila kugusa kingine. Na kama una uwezo, akiba iwe moduli nzima iliyokwisha fungwa. Mota tupu haikuokoi ukiwa na dakika kumi.

Tulirudi nyumbani Jumamosi usiku. Jumapili sikulala mchana kama kawaida. Kila nyumba ya mtu wa kwetu huku ina mizani ndogo ya kuning'iniza, ya kupimia mabegi ya safari, kila mmoja akihangaika na kilo zake 23. Nikaichukua. Jirani alikuwa ametupa zulia la zamani la ofisini, nalo nikalichukua. Jumatatu jioni tukaitandikia roboti zulia, ikiwa na betri na bampa zake zote, tukatoa mota na hatua ya kwanza ya gia, tukafunga bapa la chuma kwenye sehemu inayogeuka na gurudumu, na sentimita 30 kutoka katikati tukanasa ndoano ya mizani. Nikamwambia kijana aivute polepole, kwa pembe mraba na lile bapa, na mwingine asome namba pale gurudumu linapoanza kusogea.

Gurudumu la mbele kulia lilisoma kilo 1.2. La nyuma kushoto, upande wa betri, lilisoma 1.6.

Tulipiga hesabu ubaoni wote tukiwa tumesimama. Kilo 1.6 kwenye sentimita 30 ni torki ya kama Nyutoni-mita 4.7. NEO 550 ikikabwa kabisa kwa ampea 100 inatoa torki ya Nyutoni-mita 0.97, kwa hiyo kwa ampea 20 inatoa kama 0.19. Zidisha mara 28, toa asilimia 15 ya msuguano wa gia na beringi, inabaki 4.6. Tulihitaji 4.7, tulikuwa na 4.6. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa haliwezi hata kuanza kugeuka likiwa limesimama, na yale mengine yalikuwa na ziada ndogo isiyotosha kuongeza mwendo. Binti yangu alitazama ubao akasema, "Kumbe alikuwa ananisikia, hakuweza tu."

Halafu tukapiga hesabu ya pili, iliyotuuma zaidi. Ile kasi tuliyoifukuzia, sekunde 0.038 dhidi ya 0.063, tofauti yake ni sekunde 0.025. Programu ya roboti inatoa amri kila baada ya sekunde 0.02. Kwa hiyo tuliuza torki yote ile ili tununue kitu kinacholingana na duru moja tu ya programu, kitu ambacho kidole cha dereva hakiwezi kukihisi. Na hata hicho hatukukipata, kwa sababu 0.038 ni muda wa mota iliyokwisha fika mwendo wake wa juu bila mzigo. Kwenye robo mzunguko mota haifiki huko. Muda wote inaongeza mwendo au inafunga breki, na kinachoamua mwendo utapanda upesi kiasi gani ni torki inayobaki baada ya kuushinda mzigo. Ya kwetu ilikuwa haibaki.

Tulikuwa na wiki tatu kabla ya mashindano ya pili. Mabamba mapya hatukuwa na muda wa kuyachonga, na umbali kati ya shafti na shafti ulikuwa umekwisha tobolewa. Ujanja wa karakana ni kwamba gia za saizi moja ya meno zikiwa na jumla ileile ya meno, umbali wa shafti haubadiliki. Hatua yetu ya kwanza ilikuwa 12 na 42, jumla 54. Tukaweka 8 na 46, jumla 54 vilevile. Ukigawanya unapata 5.75, ukizidisha na ile 8 ya hatua ya pili unapata 46 kwa 1. Kwa ampea zilezile 20 gurudumu sasa linapata Nyutoni-mita 7.6 badala ya 4.6. Hatukutoboa hata tundu moja.

Lakini pinioni ya meno 8 si ya kuchukulia kirahisi. Meno yakiwa machache hivyo, kifaa cha kukatia kinachimba shina la jino na kuliacha jembamba pale hasa panapobeba nguvu. Dawa yake ni kuisogeza nje michoro ya meno ya gia ndogo na kuirudisha ndani ya gia kubwa kwa kipimo kilekile, ili umbali wa shafti ubaki ulivyo. Tulifanya hivyo, na pinioni tukaichonga ya chuma cha pua kigumu badala ya alumini. Asiye na mtu wa kumwongoza kwenye jambo hili anunue pinioni iliyotengenezwa kiwandani, asijaribu kuichonga kwa kukisia.

Kitu kingine kilichokuwa kikitutetemesha ni plei. Ulikuwa ukilishika gurudumu kwa mkono na kulitikisa, linacheza kabla meno hayajagusana. Tulidhani uwiano mkubwa utaiondoa, kumbe hauiondoi: plei inayohisiwa na gurudumu karibu yote iko kwenye jozi ya mwisho ya gia, na ile hatukuigusa. Enkoda yetu, kifaa kinachosoma gurudumu linaangalia wapi, ilikuwa imefungwa sawasawa, moja kwa moja na mhimili wa gurudumu, kwa hiyo ilikuwa inauona ukweli. Tatizo ni kwamba tulikuwa tumeiambia programu isahihishe kwa ukali mno. Inaona kosa dogo, inapiga, inavuka, inarudi. Tukapunguza ukali, tukairuhusu ivumilie kosa la nyuzi moja, na mtetemo ukaisha. Bila mtetemo mota zikapoa.

Kwenye mashindano ya pili kikomo kilikuwa kimerudi kwenye ampea 20. Kila roboti ilipotoka uwanjani, kijana mmoja alikuwa na kazi moja tu, kupima joto la mota nne kwa kipimajoto cha mwanga na kuandika daftarini. Hatukuunguza hata moja. Hatukufika fainali pia, tulitolewa mapema na timu zilizotuzidi kwa mengi. Tulipofungua moduli nyumbani, pinioni moja ilikuwa imeanza kulika upande mmoja, kwa hiyo isingemaliza msimu mwingine.

Msimu wa 2025 tulinunua. Tuliuza keki, tuliomba wafadhili, tukapata moduli za MK4i, ambazo usukani wake unapunguza mara 21.43, na mota za Kraken X60. Mzazi mmoja aliuliza, na swali lake lilikuwa zuri: kama 28 ilituangusha, mbona sasa tunashuka hadi 21? Jibu ni kwamba uwiano peke yake hausemi kitu mpaka uujue pamoja na mota yake. Kraken inatoa torki ya Nyutoni-mita 7.09 ikikabwa, zaidi ya mara saba ya ile ndogo. Kwa mzigo uleule wa 4.7 itatumia kama ampea 13 hivi, lakini mwili wake ni mkubwa na joto hilo inalibeba bila shida. Gharama yake ni uzito: kila moja inazidi NEO 550 kwa karibu gramu 400, zote nne ni kilo 1.6, na mwaka ule ule kanuni zilipunguza uzito unaoruhusiwa kutoka ratili 125 hadi 115. Timu yenye mkono mzito wa kubebea vitu ina haki kabisa ya kubaki na mota ndogo na kuipunguza mara 46.

Wiki ya pili ya Januari 2025 nilichelewa kazini. Nilipoingia karakana ya shule saa kumi na moja jioni, nilikuta zulia limetandikwa, roboti tupu iko juu yake na mifuko ya mchanga imefungwa pale betri na mkono vitakapokaa, na wawili wa darasa la tisa, ambao mwaka uliotangulia hawakuwepo, wamepiga magoti wanavuta mizani ya mabegi. Tairi zilikuwa mpya, za mpira wenye meno makali. Mmoja aliinua kichwa akaniita kwa jina ambalo timu nzima ilijifunza kwa binti yangu: "Mzee, njoo uone. Inasoma 1.9."